Je, Familia Yenu Iko Tayari Kufuga Mbwa? Mwongozo Kamili wa Kujipima kwa Siku 14

Swali hili wengi hulijibu kinyumenyume. Wanachagua mbwa kwanza, wanampa jina, wanamleta nyumbani, ndipo wanaanza kuulizana nani ataamka alfajiri kumtoa nje. Mbwa akifika kati ya miezi 6 na 18, umri wa nguvu nyingi na usikivu mdogo, nyumba nzima imechoka, na mnyama asiye na kosa lolote anatafutiwa pa kwenda.

Wanaoshindwa hushindwa karibu wote mahali pamoja: walipima mapenzi, hawakupima ratiba. Mapenzi ni ya lazima, ila peke yake hayamtoi mbwa nje saa 11 alfajiri mvua ikinyesha. Mwongozo huu unapima watu, nyumba, muda na mfuko, kwa mpangilio huo, kabla mbwa hajaja. Tengeni wiki tatu; akiba ya Hatua ya 5 pekee ndiyo itaendelea kujazwa baada ya hapo. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, na wa maumbo madogo mara nyingi hufika 15 au zaidi, kwa hiyo wiki tatu si gharama kubwa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la familia nzima, na kalamu iliyofungwa kwake kwa uzi. Daftari likae mezani, si chumbani kwa mtu.
- Simu mbili zenye kengele, za watu wazima wawili tofauti.
- Kalenda ya mwaka mzima, yenye tarehe za shule, likizo, safari na zamu za kazi zilizokwisha kujulikana.
- Futi kamba ya kupimia.
- Mkataba wa nyumba, kama mmepanga.
- Kisanduku cha akiba, au akaunti ya peke yake ambayo haitaguswa kwa jambo lingine.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo anayetibu mbwa, pamoja na muda halisi wa kufika kwake kutoka kwenu. Madaktari wengine hushughulika na ng'ombe na kuku tu, hivyo ulizeni kabla.
- Vipande vya karatasi, kimoja kwa kila mtu wa nyumbani.

Hamhitaji mbwa wa kuazima. Hamhitaji pia kununua bakuli, mkanda wa shingo wala banda. Vitu hivyo vikishaingia nyumbani huwasukuma watu kusema ndiyo hata pale jibu lilipokuwa hapana.

## Hatua ya 1: Kura ya karatasi, kisha jina la mwenye dhamana

Kila mtu aandike peke yake, bila kuoneshana, majibu ya maswali matatu: Namtaka mbwa au simtaki? Namtaka kwa kazi gani? Mimi nitafanya nini kila siku?

Karatasi ni muhimu kwa sababu kwenye kikao cha mdomo mwenye sauti kubwa hushinda, na aliyekubali shingo upande hukaa kimya. Ukimya huo hurudi baada ya mwezi ukiwa lawama. Mwingine anaogopa mbwa tangu utotoni, mwingine imani yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa, mwingine anajua kabisa kwamba usafi wote utamwangukia yeye. Yote hayo ni majibu halali. Yasijadiliwe kwa kubembelezana.

Linganisheni majibu ya swali la pili. Baba akiandika "mlinzi", mama "rafiki wa watoto", na watoto "wa kucheza naye", mnazungumzia mbwa watatu tofauti. Mbwa mmoja anaweza kubweka mgeni akija na bado akaishi vizuri na watoto, lakini hilo linatokana na malezi ya kila siku. Halitokani na kufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa anayeshinda amefungwa hujaa hofu na hasira, na hatari yake huwageukia watu wa ndani kama inavyowageukia wa nje.

Halafu mteueni mwenye dhamana mmoja. Awe mtu mzima anayelala nyumbani karibu kila siku. Huyu ndiye ataamka, atalipa, atakwenda kwa daktari, hata kama wengine wote wamechoka.

Onyo: mtoto hawezi kuwa mwenye dhamana. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuosha bakuli na kujaza maji, na inafaa sana afanye hivyo. Lakini mitihani ikija, au hamu ikipungua, mbwa hawezi kusubiri. Kama mpango wenu wote umesimama juu ya sentensi "watoto watamhudumia", mpango bado haupo.

Mmefaulu hatua hii ikiwa hakuna karatasi iliyosema simtaki, na jina la mwenye dhamana limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mkono wake mwenyewe.

## Hatua ya 2: Afya za watu wa nyumbani

Mzio wa mbwa hautokani na manyoya yenyewe. Unatokana na protini zilizomo kwenye mate, mkojo na mba wa ngozi yake, kwa hiyo hakuna mbwa asiyeleta mzio kabisa, hata akiwa na manyoya mafupi au yasiyopukutika. Msikubali kuuziwa maneno hayo.

Kipimo chake ni rahisi. Familia nzima iende kwenye nyumba yenye mbwa anayeishi ndani, mara tatu kwa siku tofauti, ikae saa moja hadi mbili kila mara. Mara moja haitoshi, kwa sababu baadhi ya watu huanza kupata dalili baada ya kukutana na mbwa mara kadhaa. Andikeni: macho kuwasha, chafya, vipele mahali palipolambwa, kifua kubana usiku unaofuata. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kabla ya ziara ya kwanza, na awe na dawa yake mkononi.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, mjamzito, mzee dhaifu au mtu mwenye kinga ndogo ya mwili, bado inawezekana kufuga. Ila utaratibu wa dawa za minyoo na kuokota kinyesi kila siku unakuwa sharti lisilo na mjadala. Mayai ya minyoo ya mbwa hukomaa kwenye udongo baada ya siku kadhaa, na mtoto huyachukua kwa mikono.

## Hatua ya 3: Nyumba, uzio na majirani

Anzeni na mkataba wa nyumba. Kama hautaji wanyama, pateni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kauli ya "hamna shida" ya mdomoni hubadilika siku mbwa akibweka usiku.

Kisha shikeni futi kamba mzunguke uzio wote. Kwa mbwa wa kati hadi mkubwa, urefu wa mita 1.5 hadi 1.8 ndio wa kuaminika. Mapengo yasizidi sentimita 10, na kama mnawaza mtoto wa mbwa, yasizidi 5, maana kichwa kikipita mwili hufuata. Angalieni chini pia: mahali ambapo uzio haugusi ardhi ndipo atakapochimba. Lango linalobaki wazi kila gari linapoingia ni tatizo kubwa kuliko ukuta mfupi.

Nyumba isiyo na uzio, au ghorofa, si kizuizi. Maana yake tu ni kwamba kila haja ya mbwa itahitaji mtu na kamba, kila siku, miaka yote.

Tafuteni kivuli kinachodumu mchana kutwa. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwani jasho lake ni dogo na hutokea kwenye nyayo tu. Banda la bati lisilo na kivuli humpika. Mbwa wenye pua bapa huteseka zaidi, maana kuhema kwenyewe kwao ni shida.

Piteni ndani ya nyumba kwa urefu wa goti na kwenda chini. Vitu hivi vihamishwe juu au vifungiwe: dawa za panya na wadudu, dawa za maumivu za binadamu, chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, na chochote chenye sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo huwekwa kwenye chingamu na baadhi ya dawa za meno. Ndoo ya taka iwe na kifuniko kinachokaza. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na inaweza kutoboa utumbo.

Mwisho, zungumzeni na majirani wa pande zote. Wakisema mtoto wao ana hofu ya mbwa, au kuna anayefanya kazi usiku na kulala mchana, andikeni. Habari hiyo itawasaidia kuchagua umri na tabia ya mbwa.

## Hatua ya 4: Hesabu ya saa

Fungueni kalenda. Chagueni wiki ya kawaida, si ya likizo, mchore kila siku ni saa ngapi nyumba inabaki tupu kabisa.

Mtoto wa mbwa hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Kanuni inayosaidia: umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa za juu kabisa anazoweza kuvumilia akiwa ametulia. Wa miezi miwili ni saa tatu hivi, tena amelala. Akiwa macho mchana anahitaji kutoka kila baada ya saa mbili, na pia kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza. Mnakaribia safari kumi kwa siku.

Mbwa mzima mwenye afya anahitaji kutoka mara tatu hadi tano kwa siku. Kumwacha peke yake saa nne hadi sita ni sawa. Kumwacha saa tisa au kumi kila siku ya kazi ni kumpa upweke unaotoka kwa njia ya kubweka, kutafuna milango na kuchimba.

Juu ya hapo wekeni mazoezi. Mbwa mtulivu ataridhika na dakika 30 hadi 60 kwa siku, na mbwa wa jamii zilizozalishwa kwa kuchunga mifugo au kuwinda atadai saa mbili na bado atawatazama. Kukimbia peke yake uani hakuhesabiwi. Mbwa wengi wakiachwa uani hulala au hukaa langoni.

Kama hesabu inaonesha nyumba tupu zaidi ya saa sita kwa siku tatu au zaidi kila wiki, tafuteni sasa mtu wa kupita mchana, mumwandike jina na saa. Msiseme "tutaona".

## Hatua ya 5: Hesabu ya fedha

Bei hutofautiana mno, kwa hiyo kusanyeni bei za mahali mlipo mjaze safu nne daftarini:

1. Mara moja: mkanda wa shingo, kamba, mabakuli mawili, malazi au banda, ukarabati wa uzio, uchunguzi wa kwanza wa daktari, na kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike.
2. Kila mwezi: chakula, sabuni, dawa ya kupe na viroboto.
3. Kila mwaka: chanjo za marudio, dawa za minyoo, uchunguzi wa afya, leseni pale sheria inapodai.
4. Dharura: akiba ya peke yake.

Chakula ndicho watu hukikadiria vibaya zaidi. Chukueni mfano wa mbwa mzima wa kilo 20 mwenye shughuli za kawaida: anahitaji takriban kilokalori 1,000 hadi 1,100 kwa siku. Chakula kikavu chenye kilokalori 350 katika kila gramu 100 kitamtosha kwa gramu 300 hivi. Hiyo ni kilo 9 kwa mwezi, karibu kilo 110 kwa mwaka. Mtakaompikia msihesabu makombo ya mezani kama chakula. Mbwa anahitaji protini ya wanyama, mafuta na madini kwa uwiano, na daktari ndiye wa kuwapangia.

Kwa mtoto wa mbwa ongezeni ratiba ya mwaka wa kwanza. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huingia kuanzia wiki ya 12. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki mbili akiwa mdogo sana, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu takriban kila miezi mitatu. Msikate katikati ili kuokoa fedha. Virusi vya parvo, vinavyomletea mbwa kutapika na kuhara damu, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na kutibu mbwa aliyeugua hugharimu mara nyingi zaidi ya sindano zote kwa pamoja, tena bila hakika ya kupona.

Sasa toeni jumla ya mwezi, yaani safu ya 2 pamoja na sehemu ya kumi na mbili ya safu ya 3, na kuanzia leo iwekeni kwenye kisanduku kana kwamba mbwa yupo. Endeleeni hadi ifike gharama ya miezi mitatu. Hiyo ndiyo mbegu ya akiba ya dharura.

Kinachoharibika hapa: mwezi wa pili kisanduku "kinaazimwa" kulipia kitu kingine. Mkikiazima, mmepata jibu la kweli kuhusu mfuko wenu, na ni bora limekuja wakati hakuna mgonjwa anayelisubiri.

## Hatua ya 6: Kanuni za watoto

Fanyeni hili kabla ya jaribio kubwa, maana linahitaji kurudiwa mpaka liwe mazoea. Watoto wengi wanaoumwa na mbwa huumwa na mbwa wanayemfahamu, nyumbani, katika jambo la kawaida kabisa: kumkumbatia, kumgusa akila, kumwangukia akilala.

Kanuni ni tano. Mbwa akila haguswi. Akilala haamshwi kwa mkono, anaitwa kwa mbali. Hakumbatiwi shingoni wala hapandwi mgongoni. Hafukuzwi akienda zake. Na mbwa akikurukia, unasimama kama mti: mikono kifuani, macho chini, kimya.

Wafundisheni pia kusoma mwili wa mbwa. Anayetaka nafasi hugeuza uso, hulamba pua tena na tena, hupiga miayo bila usingizi, hufyata mkia, huonesha weupe wa jicho pembeni, kisha hukakamaa. Mkia unaotikisika ukiwa juu na mgumu si furaha. Watu wazima wanapaswa kuelewa jambo moja ambalo wengi hulikosea: mbwa akinguruma msimwadhibu. Muungurumo ni onyo, na mbwa aliyefunzwa kwa kipigo kuacha kuonya hung'ata bila onyo. Mwondoeni mtoto kwa utulivu, halafu tafuteni kilichomsumbua mbwa.

Onyo: mtoto chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata dakika ya kwenda jikoni. Mtu aking'atwa, au jeraha likilambwa na mbwa asiyejulikana chanjo yake, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo ikiwahi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kipimo cha kufaulu: muulizeni kila mtoto kwa kushtukiza, kwa siku tatu, afanye nini mbwa akila, akilala, akimrukia. Akionesha kwa vitendo bila kusita, yuko tayari. Akikariri maneno tu, rudieni.

## Hatua ya 7: Jaribio la siku 14

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote. Mtaishi ratiba ya mbwa bila mbwa. Wengi huiona hatua hii kama mchezo wakairuka, na ndiyo ambayo ingewaokoa. Anzeni Jumatatu ya wiki ya kawaida.

Siku ya 1 hadi ya 4: ratiba ya mtoto wa mbwa. Wekeni kengele saa 5 usiku, saa 8 usiku, saa 11 alfajiri. Kila ikilia, mmoja anaamka, anavaa viatu, anatoka nje, anasimama dakika tano, anarudi, anaandika saa na jina. Mchana anatoka mtu kila baada ya saa mbili. Mara nne kwa siku, mtu anaweka bakuli chini na kusimama karibu dakika kumi, kwa kuwa mtoto wa mbwa hula milo minne mpaka afikishe miezi mitatu au minne. Mara moja kila siku, bila kupanga, mmoja apige kelele "mkojo!" na aliye karibu aache analofanya, achukue kitambaa, adeki sehemu ya sakafu.

Siku nne ni chache ukilinganisha na miezi miwili au mitatu ya kweli. Lakini usiku wa tatu tu hasira zitajitokeza, na hizo ndizo mnazozitafuta.

Siku ya 5 hadi ya 12: ratiba ya mbwa mzima. Kazi ni saba kwa siku:

1. Matembezi ya asubuhi, dakika 30.
2. Chakula na maji safi. Bakuli lioshwe, lisiongezwe tu juu ya maji ya jana.
3. Kutoka mchana, dakika 10.
4. Matembezi ya jioni, dakika 30.
5. Chakula cha pili.
6. Mafunzo na mchezo, dakika 10. Tumieni muda huu kukubaliana maneno ya amri. Mkisema mmoja "kaa", mwingine "keti", mwingine "chini", mbwa hatajifunza lolote.
7. Kutoka kabla ya kulala, dakika 10.

Jua likiwa kali, wekeni kiganja juu ya lami au saruji. Kama hamwezi kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo za mbwa zitaungua, kwa hiyo matembezi yasogezwe mapema au jioni zaidi. Je, kazi zenu zinaruhusu kusogeza? Andikeni jibu.

Siku ya 13: mwenye dhamana haonekani. Hata kama yupo nyumbani, haruhusiwi kufanya wala kukumbusha. Kazi zote saba zifanywe na wengine.

Siku ya 14: mbwa anaumwa. Mtu mmoja aache shughuli zake katikati ya siku, aende hadi kwa daktari wa mifugo kwa usafiri ambao ungembeba mbwa, na kurudi. Wapo wanaogundua siku hii kwamba usafiri wa kawaida hauchukui mbwa, au kwamba mwenye gari yuko mbali hadi usiku. Mkiwa pale, ulizeni saa za kazi, nani hupokea dharura usiku, na chanjo ipi hukosekana mara kwa mara.

Makosa yanayoharibu jaribio. La kwanza, kufuta siku ya mvua. Siku ya mvua ndiyo yenye thamani kuliko zote. La pili, kujaza daftari usiku kwa kukumbuka; andikeni papo hapo, au kazi ihesabiwe haikufanyika. La tatu ni la upole na ndilo baya zaidi: mwenye dhamana anafanya za wengine kimya kimya ili jaribio lipite. Anajidanganya, na mbwa akija atachoka ndani ya mwezi.

## Hatua ya 8: Watu wa akiba

Kwenye kalenda zungusheni kila safari ya mwaka ujao. Kando ya kila moja andikeni jina la atakayebaki na mbwa, na mumpigie simu kweli. Andikeni pia mtu mmoja atakayemchukua mbwa moja kwa moja ikiwa maradhi au kifo kitaipata nyumba. Mazungumzo haya si mazuri, lakini mbwa wengi waliotupwa walikuwa na wenyewe waliowapenda na ambao hawakuyafanya.

Kama mnawaza jike, amueni sasa kuhusu uzazi. Kwa kawaida hupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban kila miezi sita, hubeba mimba siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja. Kumfunga kizazi kunazuia hilo pamoja na usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike wasiofungwa.

## Hatua ya 9: Kusoma majibu

Kaeni wote na daftari. Hesabuni siku ya 5 hadi ya 12: kazi 56. Zilizokosekana zisizidi tano. Lakini namba peke yake haitoshi, someni majina.

Tayari. Kazi 51 au zaidi zimefanyika, angalau watu wawili wanaoaminika wanaonekana kila siku, siku ya 13 haikuanguka, kisanduku hakijaguswa. Kuna uchovu, ila hakuna chuki. Mkivuka usiku wa siku nne za kwanza vizuri, mnaweza kuchukua mtoto wa mbwa, na asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kama siku hizo ziliwavunja lakini nane zilizofuata zilikwenda sawa, chukueni mbwa mzima. Hiyo si daraja la pili: tabia na ukubwa wa mbwa mzima vinaonekana tayari, na kwa nyumba nyingi zenye watu wa kazi ndiye anayefaa zaidi.

Bado. Kitu kimoja kinachoweza kurekebishwa kimekwama: uzio, mtu wa mchana, ruhusa ya mwenye nyumba, akiba. Andikeni tarehe ya kukirekebisha, kisha mrudie siku saba za ratiba ya mbwa mzima, si jaribio lote.

Hapana kwa sasa. Jina moja limejaza karibu kila mstari, au mtu ameanza kukasirika kengele ikilia, au kifua cha mtu kimebana baada ya ziara. Msimtafute mbwa "mdogo zaidi" kama njia ya kukwepa jibu hili. Mbwa wa kilo 4 hutoka nje mara zile zile. Watoto wanaotamani mnyama wanaweza kumsaidia jirani mwenye mbwa kwa matembezi, kwa ruhusa na mtu mzima akiwepo, na rekodi ya miezi sita ya matembezi hayo itasema mengi mtakapolifungua daftari tena.

Walio tayari wafanye mambo mawili kabla ya kumleta. Panga miadi ya daktari iangukie ndani ya siku tatu za kwanza. Kisha chagueni siku ya kumpokea yenye angalau siku mbili za mapumziko baada yake, isiyo ya sherehe wala wageni. Siku hizo nyumba iwe kimya, maji yawe bakulini, kona yake ya kulala iwe mbali na mlango, na watu wamwache aje kwao mwenyewe.